Daftari la M-Pesa Lilipokuwa Ujerumani

Mwanafunzi mpendwa, wahenga walisema kuwa mali bila daftari hupotea bila habari. Methali hii unaijua, na huenda umekwisha kuitungia insha. Leo nakuomba uiulize swali ambalo wahenga hawakuwa na haja ya kuliuliza: daftari lenyewe likae wapi? Kwa mwenye duka wa zamani jibu lilikuwa rahisi, kwani daftari lilikaa chini ya meza ya kuuzia na usiku likalala ndani pamoja naye. Kwa taasisi za siku hizi, yaani benki, hospitali, vyuo, wizara na vyama vya akiba na mikopo, jibu limekuwa gumu. Majirani zetu wa Kenya wamelazimika kulijibu zaidi ya mara moja, na kila jibu limekuwa na gharama yake.

Tuanzie mwaka 2005. Mwezi Oktoba wa mwaka huo kampuni ya Safaricom, ikishirikiana na Vodafone ya Uingereza na taasisi ya mikopo midogo iitwayo Faulu, ilianza kujaribu jambo jipya Nairobi na Thika. Wateja wa majaribio walikuwa takriban 500. Nia ilikuwa kuwawezesha wakopaji kupokea mikopo na kuilipa kwa simu ya mkononi. Wateja hao wakaona faida nyingine ambayo waanzilishi hawakuitilia maanani: waliitumia huduma hiyo kupelekeana fedha wao kwa wao, na hasa kuwapelekea jamaa walio mbali. Tarehe 6 Machi 2007 huduma ilizinduliwa kwa nchi nzima kwa jina la M-Pesa, na kufikia Machi 2010 waliojiandikisha walikuwa zaidi ya milioni 9.

Hadithi hiyo imesimuliwa mara nyingi, hata imekuwa kama ngano. Kisichosimuliwa sana ni mahali zilipokuwa mashine. Seva za M-Pesa, yaani zile kompyuta zenye kutunza kumbukumbu na kuhudumia maelfu ya simu kwa wakati mmoja, hazikuwa Nairobi. Zilikuwa Ulaya, chini ya uangalizi wa Vodafone, na hadi mwaka 2015 zilikuwa Ujerumani. Tafakari maana yake. Mama anayeuza mitumba Gikomba anamtumia mwanawe aliyeko Kisumu shilingi mia tano. Fedha zenyewe haziondoki nchini; zimo katika akaunti ya amana kwenye benki ya Kenya. Kinachosafiri ni agizo: mpunguzie huyu mia tano, mwongezee yule mia tano. Agizo hilo linaondoka Nairobi, linafika Ujerumani, linaandikwa katika daftari, kisha jibu linarudi na simu mbili zinalia, moja Nairobi na nyingine Kisumu. Mama na mwana wametengana kwa safari ya siku moja ya basi, lakini habari ya mia tano yao imekwenda bara jingine na kurudi.

Nimetumia neno amana, nalo linastahili tulisimamie kidogo. Amana ni kitu ulichopewa ukitunze kwa niaba ya mwenyewe, nawe huna ruhusa ya kukitumia upendavyo. Katika habari ya M-Pesa kulikuwa na amana mbili. Ya kwanza ni fedha, na Benki Kuu ya Kenya iliifuatilia tangu mwanzo. Ya pili ni kumbukumbu za nani ana kiasi gani, na hiyo ilitunzwa ng'ambo.

Je, walikosea? Nionavyo mimi, hapana. Mwaka 2007 hakuna aliyejua kama huduma hiyo ingedumu hata miaka miwili. Kituo cha data si chumba chenye kompyuta na feni. Kinahitaji umeme usiokatika, jenereta za akiba, mitambo ya kupoza hewa mchana na usiku, walinzi, vifaa vya kuzimia moto, na mafundi wa zamu hata siku ya Idi na ya Krismasi. Kukijenga kabla hujampata mteja wa kwanza ni sawa na kununua meli kabla hujajua kama kuna abiria. Vodafone tayari ilikuwa na mashine, mafundi na uzoefu. Kwa kutumia vya mwenzake, Safaricom iliweza kuanza upesi, na wateja walipoongezeka kuliko ilivyotarajiwa, kulikuwa na mahali pa kuongeza nguvu.

Hiyo ndiyo faida kuu ya kile tunachokiita leo huduma za wingu. Huduma hizo, kwa sura tunayoijua, ni rika moja na M-Pesa: kampuni ya Amazon ilianza kuwakodisha watu nafasi ya kuhifadhi data Machi 2006, na Agosti mwaka huohuo ikaanza kukodisha kompyuta zenyewe. Taasisi haihitaji tena kununua seva. Inakodi, inalipia ilichotumia, na shughuli zikipungua inarudisha. Chuo kinachofurika wanafunzi wiki ya usajili na kupwaya muda uliobaki hakina sababu ya kumiliki mashine za kutosha wiki ile moja. Wataalamu watanikumbusha kuwa M-Pesa ya mwaka 2007 haikuwa wingu kwa maana kamili ya neno, kwa kuwa mashine zilikuwa za mshirika na hazikukodishwa kwa yeyote mwenye kulipa. Ni kweli. Lakini kwa mama wa Gikomba tofauti hiyo haionekani: daftari lake liko kwa mwingine, mbali, na halijui njia ya kulifikia.

Njia hiyo yenyewe ilikuwa nyembamba. Huduma ilipozinduliwa, pwani yetu haikuwa na hata mkongo mmoja wa baharini, na mawasiliano na ng'ambo yalitegemea satelaiti, kwa gharama kubwa na kwa kusuasua. Mikongo ya SEACOM na TEAMS ilifika Mombasa mwaka 2009, na EASSy ikafuata mwaka 2010. (Sisi Tanzania tumezoea kusema mkongo, ukiwasikiliza Wakenya utasikia zaidi nyaya au kebo.) Njia ikapanuka, lakini umbali haukupungua. Miaka ilivyozidi kwenda, M-Pesa ilikuwa imekwisha kuwa mshipa wa uchumi: karo, nauli, mishahara ya vibarua, michango ya mazishi, vyote vilipita humo. Kila ilipokwama, malalamiko yalisikika nchi nzima. Duka la mtu likikwama, majirani huenda duka la pili. Huduma hii ilipokwama, kwa wengi duka la pili halikuwepo.

Aprili 2015 daftari likarudi nyumbani. Safaricom ilihamisha seva kutoka Ujerumani hadi Kenya na kuweka mfumo mpya wenye uwezo mkubwa zaidi. Kuhamisha kumbukumbu za mamilioni ya watu si kama kuhamisha samani. Ukisahau kiti utakirudia, lakini ukisahau mstari mmoja wa daftari umemfukarisha mtu. Hapo tunaona hatari ambayo taasisi nyingi huikumbuka ikiwa imechelewa: kuingia kwa mwenye mashine ni rahisi kuliko kutoka. Kadiri unavyokaa ndivyo kumbukumbu zinavyoongezeka, mafundi wako wanavyozoea zana zake, na gharama ya kuondoka inavyopanda. Tena, kuwa na mashine nyumbani hakukumaanisha kumiliki kila kitu. Jina la M-Pesa na mfumo wake viliendelea kuwa vya Vodafone hadi Aprili 2020, Safaricom na Vodacom ya Afrika Kusini zilipovinunua kwa pamoja. Na Vodacom nayo ni kampuni tanzu ya Vodafone! Ukitaka kujua daftari ni la nani, usitosheke na kuuliza limewekwa wapi.

Hapa msomaji mwepesi atahitimisha kuwa dawa ni kurudisha kila kitu nyumbani. Nitamwomba asubiri, kwa sababu Kenya hiyohiyo inatupa mfano wa pili. Mwishoni mwa Juni 2023 Rais William Ruto alizindua huduma zaidi ya 5,000 za serikali katika tovuti moja iitwayo eCitizen: pasipoti, leseni, vyeti na mengineyo. Haukupita mwezi, mwishoni mwa Julai, tovuti hiyo ilishambuliwa kwa kufurikishiwa maombi ya uongo hadi ikashindwa kuwahudumia wenye maombi ya kweli. Kundi lililojiita Anonymous Sudan lilidai kuhusika. Serikali ilisema hakuna data iliyopotea, lakini wageni waliokuwa wakisubiri viza za mtandaoni ilibidi waahidiwe kuzipata wakiwasili. Msongamano wa namna ile huhimiliwa vizuri zaidi na wenye mashine nyingi mno, nao ndio hao makampuni makubwa ya wingu. Kwa hiyo ukaribu ulioiokoa M-Pesa na umbali haungetosha kuiokoa eCitizen na mafuriko.

Kisha likaja tukio lililotugusa sisi wenyewe. Jumapili tarehe 12 Mei 2024, mikongo ya EASSy na SEACOM ilikatika kati ya Msumbiji na Afrika Kusini. Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi zilizoumia zaidi, na Kenya, Uganda na Rwanda nazo zikaonja. Miezi mitatu nyuma, mikongo kadhaa ikiwemo SEACOM ilikuwa imekatika katika Bahari ya Shamu. Kumbuka kuwa wakati huo vituo vikubwa vya wingu vilivyo karibu nasi vilikuwa Afrika Kusini: Microsoft ilifungua vyake mwaka 2019, Amazon ikafungua Cape Town mwaka 2020. Taasisi ya Dar es Salaam au Nairobi iliyohamishia kumbukumbu zake huko ili ziwe karibu ilikuwa imezipitisha njia ileile iliyokatika. Data yenyewe ilikuwa salama kabisa, imehifadhiwa na kulindwa vizuri. Ila mhasibu aliyehitaji orodha ya mishahara asubuhi ya Jumatatu hakuwa na njia ya kuifikia, isipokuwa kama mkuu wake alikuwa amekubali gharama ya kutunza nakala ya pili nchini.

Siku kumi baadaye, Microsoft na kampuni ya G42 ya Umoja wa Falme za Kiarabu zilitangaza mpango wa dola bilioni 1 kwa Kenya, ukiwemo ujenzi wa kituo cha data Olkaria kitakachoendeshwa kwa umeme wa jotoardhi. Kikijengwa, kumbukumbu za taasisi ya Nairobi zitaweza kukaa wingu na kubaki nchini, mwendo wa saa mbili hivi kwa gari. Kenya inayo Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, nasi tunayo ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, iliyoanza kutumika Mei 2023. Zote zinambana anayetunza taarifa za watu. Lakini Marekani nayo ilipitisha sheria mwaka 2018 inayoruhusu vyombo vyake, kwa hati ya mahakama, kudai data kwa kampuni za Marekani hata kama data hiyo imehifadhiwa nje ya nchi hiyo. Seva ikiwa Olkaria na mwenye seva akiwa na makao yake Marekani, amri mbili zinaweza kumfikia kwa wakati mmoja, moja kutoka Nairobi na nyingine kutoka Washington. Taasisi inayotia saini mkataba wa kukodi nafasi humo itabidi iulize, kabla ya kuuliza bei, ni amri ipi atakayoitii kwanza.