Gitaa la Kwaya ya Makwasinyi: Historia ya Mbao Kabla ya Kutoa Pesa

Nimepotea kidogo. Nilikuwa nikipambana na programu ya mteja inayokataa kufanya kazi kila siku ya mwisho wa mwezi. Imepona. Leo tupumzike na mambo ya kodi za kompyuta, tuongee gitaa.

Vijana wa kwaya kijijini kwetu Makwasinyi, chini ya Mlima Kasigau, wamechanga shilingi 45,000 wanunue gitaa kavu ambalo pia linachomekwa kwenye spika. Pesa hizo zimetoka kwenye kuku, vibarua na mbuzi mmoja. Kisha wakanikabidhi mimi ninunue, eti kwa sababu "wewe umesomea kompyuta". Sasa nikikosea hapa, nitapitia njia gani kwenda kumsalimia mama?

Na nimewahi kukosea. Miaka mitatu iliyopita nilinunua Nairobi gitaa la mbao tupu, mbele, ubavuni na mgongoni, kwa akiba yangu yote. Muuzaji alinitajia mbao zake kama anasoma ukoo wa mfalme. Nikalipeleka nyumbani mwezi wa nane, kiangazi kimekolea, nikalitundika ukutani chini ya mabati. Wiki ya tatu likapasuka kutoka kwenye daraja la nyuzi hadi chini. Mbao hunywa unyevu wa hewa na kuutoa, na gitaa la mbao tupu hutaka unyevu wa asilimia 45 hadi 55. Nyika yetu mwezi wa nane haina habari hizo.

Kwa hiyo safari hii, kabla ya kufungua pochi ya watu, nimerudi kwenye historia. Swali langu lilikuwa moja tu: haya majina ya miti tunayolipia yametoka wapi?

Tuanze Hispania. Mwaka 1862 fundi Antonio de Torres alitengeneza gitaa la ajabu. Uso wake ulikuwa wa spurusi, mti wa nchi za baridi ulio jamii moja na msonobari. Lakini ubavu na mgongo aliutengeneza kwa karatasi iliyogandishwa. Ndiyo, karatasi! Alitaka kuonyesha kwamba sauti ya gitaa hutoka usoni. Nyuzi hutikisa daraja, daraja hutikisa uso, uso husukuma hewa. Mgongo kazi yake kubwa ni kufunga sanduku. Gitaa hilo bado limehifadhiwa kwenye jumba la makumbusho ya muziki Barcelona.

Pamoja na hayo, mafundi waliendelea kuusifia mgongo, hasa wa rozwudi ya Brazil. Ni mti mzuri kwa macho, na biashara ya meli iliufikisha kwao kwa wingi. Kisha Brazil ikazuia magogo yasiyopasuliwa kutoka nje, na mwaka 1969 kampuni ya Martin ya Marekani ikahamia rozwudi ya India kwenye magitaa yake ya kawaida. Mwaka 1992 rozwudi ya Brazil ikawekwa chini ya ulinzi mkali kabisa wa CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini. Januari 2017 jamii yote ya rozwudi ikawekwa chini ya udhibiti, hata gitaa lililokamilika likahitaji vibali kuvuka mpaka kibiashara. Mwishoni mwa 2019 ala zilizokamilika zikaondolewa mzigo huo, isipokuwa zile za rozwudi ya Brazil. Umeona? Kila mara mti ulipobadilika, aliyeamua alikuwa sheria na bandari. Sikio halikuulizwa.

Na hapa kuna jambo la kutuuma kidogo. Mpingo wetu ni wa jamii hiyo hiyo ya rozwudi. Huota kwenye nyika kavu za Afrika Mashariki, ni mzito kiasi kwamba ukiutupa majini unazama, na ndio unaotengeneza klarineti za Ulaya. Wachonga vinyago wa Kimakonde na wa Kikamba wameujua kwa vizazi. Lakini ukitaka gitaa lenye mgongo wa mpingo, jiandae kwa bei ya pikipiki. Mti unatoka kwetu, unarudi na bei ya mgeni.

Sasa tugeukie kuchomeka. Mwaka 1880 ndugu wawili Wafaransa, Pierre na Jacques Curie, waligundua kwamba fuwele fulani zikibanwa hutoa umeme. Watu wakauita uwezo huo piezo. Mwaka 1966 Charles Kaman, mhandisi wa helikopta wa Marekani, akaanzisha magitaa ya Ovation yenye mgongo wa mviringo usio wa mbao kabisa, na miaka michache baadaye kampuni yake ikaweka piezo chini ya mfupa wa daraja. Hadi leo magitaa mengi ya bei ya kati yana pikapu ya aina hiyo. Fikiria kama mwanaprogramu: kipokezi kimekaa chini ya nyuzi, kinasoma msukumo wa pale pale. Kufikia hapo mgongo hauna nafasi kubwa ya kuchangia. Ukishachomeka kanisani, anayesikika zaidi ni pikapu, pri-amp na spika.

"Lakini masikio ya wataalamu yanajua!" atasema mtu. Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Lancaster, Uingereza, walichapisha jaribio lao. Fundi mmoja aliwatengenezea magitaa sita yanayofanana, tofauti ikiwa mbao za ubavu na mgongo tu, kuanzia rozwudi ya Brazil hadi sapele, mti wa misitu ya Afrika. Wapigaji 52 waliyajaribu kwenye mwanga hafifu wakiwa wamevaa miwani ya wachomeleaji vyuma. Alama walizotoa zilikaribiana sana. Mti wa bei ghali haukuwashinda wenzake.

Wazee wetu wangecheka. Mwaka 1952 Hugh Tracey alimrekodi Mwenda Jean Bosco huko Jadotville, leo Likasi, Kongo. Kidole gumba na cha shahada tu, na Afrika Mashariki nzima ikajifunza kwake. Hapa Taita tulimpata Fadhili William, mtoto wa kwetu, aliyeirekodi "Malaika" na Jambo Boys yapata 1960. Babu yangu aliupiga wimbo huo jioni kwa gitaa lililounganishwa kwa gundi ya seremala. Sijawahi kusikia mtu akimuuliza mgongo wake ni wa mti gani.

Basi uamuzi wangu ni huu. Uso uwe wa spurusi tupu, kwa sababu hapo ndipo sauti ilipo, na hapo pesa iende. Ubavu na mgongo viwe vya plaiwudi nzuri: vinastahimili kiangazi kuliko mbao tupu, na jaribio la Lancaster limeniondolea aibu. Pikapu iwe chini ya daraja, na nitaisikiliza kwenye spika ya kawaida kama ya kanisa letu, si ile ya duka. Dukani nitageuka ukuta, rafiki apige matatu bila kunitajia jina wala bei. Chenji itanunua kasha gumu na kisponji cha kutunza unyevu, maana uso wa spurusi nao hupasuka. Na nitawaandikia vijana sheria moja kwa herufi kubwa: LISITUNDIKWE CHINI YA MABATI.

Muuzaji akianza kunisomea ukoo wa mgongo, nitamsikiliza kwa heshima, kisha nitamwomba anionyeshe uso. Jumapili ya kwanza likilia kanisani nitawaambia lilivyosikika. Nikinyamaza, jueni nimehama kijiji.