Uvundo wa Taka na Tauni ya Nairobi

Leo tuanzie mbali kidogo, mwaka 1902. Reli ilikuwa imefika Nairobi miaka mitatu tu iliyopita, na tayari tauni ilizuka katika mtaa wa maduka ya Wahindi. Wakuu wa serikali ya kikoloni wakaamuru mtaa huo uchomwe moto. Watu walipoteza maduka na makao.

Zamani hizo wengi waliamini kwamba hewa yenye harufu mbaya ndiyo huleta maradhi. Kumbe mwaka 1898 daktari Mfaransa, Paul-Louis Simond, alikuwa amekwisha kuonyesha kule Karachi kwamba tauni huenezwa na viroboto wa panya. Na panya hufuata nini? Makombo na nafaka iliyomwagika!

Ndiyo maana kufukiza ubani jikoni hakutoshi. Harufu utaifunika, lakini nzi na panya wataendelea kula. Uvundo wenyewe hutoka kwa bakteria wanaoozesha taka zenye majimaji. Basi chuja maji ya makombo kabla ya kuyatupa, na ndoo iwe na mfuniko unaobana. Imwage kila jioni, kwani panya hutembea usiku. Asubuhi isugue kwa sabuni, uianike juani. Mwenye shamba achimbe shimo mbali na kisima, na kila akimwaga taka azifunike kwa udongo au majivu. Nepi za mtoto je? Hizo zina kipindi chake, wiki ijayo.