Mkondo Geu wa Katanga na Kasi ya Mabadiliko Yake

Tanuri za Lubumbashi zilipoanza kuyeyusha shaba mwaka 1911, miaka 5 baada ya kuasisiwa kwa kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga, nguvu zake zilitokana na makaa, yakiwemo ya Wankie yaliyoletwa kwa reli kutoka Rhodesia ya Kusini, na gharama ya safari hiyo ikaongezeka juu ya bei ya kila shehena ya madini. Ndipo wakuu wa kampuni walipoutazama mto Lufira, ambao huanguka zaidi ya mita 100 katika maporomoko yaliyopewa jina la mwanajiolojia Jules Cornet. Na mwaka 1930 kituo cha Mwadingusha, ambacho zama hizo kiliitwa Francqui, kikaanza kuzalisha umeme, mwaka mmoja tu baada ya kiwanda cha Shituru, huko Jadotville, ndiyo Likasi ya leo, kuanza kusafisha shaba kwa umeme.

Umeme huo ulikuwa mkondo geu, na hapa namwomba msomaji anistahimilie kidogo, kwa kuwa mengi yaliyofuata yamesimama juu ya sifa moja ya mkondo huo. Tuchukue volteji ya nyumbani, volti 220, inayokamilisha mizunguko 50 kila sekunde: kilele chake hasa ni volti 311, nayo hufika huko kutoka sifuri kwa muda wa sehemu 5 za elfu za sekunde. Walakini haipandi kwa mwendo mmoja. Mwanafunzi wa kalkulasi akikokotoa kasi ya mabadiliko yake, huona kwamba kasi iliyo kubwa kuliko zote, takriban volti 98,000 kwa sekunde, hupatikana pale pale volteji inapopita sifuri, ilhali kileleni, ambapo asiyejua angedhani ndipo penye vurumai, kasi hiyo ni sifuri.

Transfoma huishi kwa mabadiliko. Michael Faraday alithibitisha mwaka 1831 kwamba usumaku uliotulia hauamshi umeme katika waya ulio jirani. Huuamsha unapobadilika, tena kwa kadiri ya wepesi wa kubadilika kwake. Kwa sababu hiyo umeme wa Lufira uliweza kupandishwa volteji kwa ajili ya safari, ukashushwa tena mlangoni pa kiwanda; ingawa Shituru, kwa ajabu ya mambo, ililazimika kuugeuza uwe mnyoofu, maana shaba haijengeki juu ya bamba ikiwa mkondo unakwenda na kurudi. Mwaka 1956 kikaja kituo cha Nseke katika mto Lualaba, na njia ya volti 220,000 ikauvusha umeme wa Katanga mpaka Kitwe, Rhodesia ya Kaskazini.

Baada ya jimbo la Katanga kujitenga na Kongo kati ya mwaka 1960 na 1963, serikali ya Rais Mobutu iliazimia kuilisha migodi hiyo kwa umeme wa Inga, karibu na Atlantiki, umbali wa kilomita 1,700 hivi hadi Kolwezi. Wengi wamesema, nami sioni sababu ya kuwapinga, kwamba azma hiyo ilikuwa ya siasa kuliko ya uhandisi: mwenye kushika swichi magharibi hana haja ya kuwaogopa wakubwa wa kusini. Hapo kasi ya mabadiliko, iliyokuwa rafiki, ikageuka adui. Waya mrefu una tabia ya kapasita, hunyonya mkondo kwa kadiri volteji inavyobadilika, na kwa umbali ule mkondo wa kuujaza na kuutoa waya wenyewe ungeinyima nafasi nguvu iliyokusudiwa migodini. Wahandisi wakachagua mkondo mnyoofu wa volti 500,000, chanya na hasi, ambao kasi ya mabadiliko yake ni sifuri. Njia ilikamilika mwaka 1982, na kule Kolwezi thairista, yaani swichi za kielektroniki, zikaugeuza umeme tena kuwa mkondo geu, tayari kwa Likasi na Lubumbashi.

Lakini transfoma ikiunganishwa na waya wenye kasi ya sifuri haitoi kitu. Vijiji vya Bandundu na Kasai vikaona minara ikipita juu ya mashamba yao, navyo vikabaki na vibatari. Kituo cha kugeuza mkondo kingaliweza kujengwa njiani, ila kwa gharama ambayo hakuna aliyejitolea kuilipa. Na vyuma vya minara vilipoanza kung'olewa, shirika la umeme, SNEL, likajikuta linalinda njia inayopita mbele ya macho ya watu ambao haikuwafaa hata chembe.