Mtaji wa Butembo

Mwaka 1999 kampuni mbili za California, Sequoia na Kleiner Perkins, ziliweka dola milioni 25 katika Google, kampuni changa ambayo ilikuwa haijaanza kupata faida. Mara nyingi kazi hiyo, ya kutia fedha penye mashaka makubwa, huelezwa kuwa ni zao la mahakama imara na soko la hisa. Historia ya Butembo, mji wa mashariki mwa Kongo, yapinga maelezo hayo. Mji huu ulikua kando ya machimbo ya dhahabu ya kampuni ya MGL tangu miaka ya 1920, na matajiri wake walitokana na mboga za Lubero, kahawa na dhahabu, huku serikali ya Zaire, kama Kongo ilivyoitwa zamani, ikizidi kudhoofika. Barabara ziliharibika na benki hazikumjali mchuuzi. Hata hivyo wafanyabiashara wa mji huo, wa kabila la Wanande, walifika Dubai, kisha Hong Kong na Guangzhou, wakapitisha mizigo Mombasa hadi mpaka wa Kasindi.

Walichokuwa nacho ni utaratibu wa kuaminiana chini ya uangalizi mkali. Tajiri humpa anayeanza bidhaa ya mkopo au nafasi ndani ya kontena, bila hati ya nyumba. Dhamana ni jina, ukoo na kanisa, kwa kuwa anayekula fedha za watu hafungiwi mlango mmoja tu, hufungiwa yote. Atasema mtu kwamba huo ni mkopo, ilhali mwekezaji wa California hununua hisa. Ni kweli, lakini ugumu wa mwanzo ni uleule: nani amwamini asiye na kitu? Tena kazi ilipomshinda mmoja, wafanyabiashara waliungana, kama walipoanzisha SENOKI, kampuni ya kuletea mji umeme. Pingamizi la pili ni zito zaidi: wakati wa vita vya Kongo baadhi yao waliwalipa waasi wa RCD-K/ML ushuru kabla ya mizigo kufika, ili wapunguziwe malipo mpakani. Hilo halifutiki. Ila mtandao ulitangulia vita kwa miaka mingi, kwa hiyo vita haviwezi kuwa ndivyo vilivyouzaa. Vinaonyesha tu kwamba uaminifu wa ndani ya kundi haumlindi aliye nje yake.

Mpaka wa mtaji huu basi unaeleweka. Hufuata kile ambacho mwenye fedha anaweza kukipima: kontena huonekana Kasindi, na bei ya kitenge hujulikana kabla hakijashushwa. Lakini programu ya simu haina ghala wala bei ya jana. Kinachokosekana si ujasiri, ni jicho la kuitambua kazi ya aina hiyo, na jicho hilo hutokana na biashara yenyewe. Don Valentine, aliyeanzisha Sequoia mwaka 1972, alikuwa kwanza muuzaji wa vipuri vya elektroniki. Alijua mali kabla ya kujua hisa. Kwa mantiki hiyo, atakayeanza kuzifadhili kampuni za intaneti za Butembo ana uwezekano mkubwa zaidi wa kutoka kwenye maduka ya simu ya mji huohuo kuliko kwenye ofisi za wafadhili wa mbali.