Nyotamkia juu ya Lualaba: picha ambazo Kindu inaweza kupiga

Septemba 1882 nyota yenye mkia iling'aa hata ikaonekana mchana kweupe, karibu kabisa na jua. Ilipokwisha kulizunguka jua tarehe 17, ikaanza kuchomoza mashariki kabla ya alfajiri, mkia ukitangulia na kichwa kikifuata. Kwa mtu aliyesimama ukingo wa magharibi wa Lualaba, mahali ulipo leo mji wa Kindu, mkoani Maniema, Kongo, upande huo ni ng'ambo ya mto, kule Alunguli. Maniema ya wakati ule ilikuwa nchi ya misafara na masoko makubwa. Msafiri Mjerumani Hermann Wissmann alikuwa amefika Nyangwe, mojawapo ya masoko hayo, mwezi Aprili mwaka huohuo, akielekea pwani.

Kusini kabisa mwa bara, kwenye kituo cha kuchunguza nyota cha Rasi ya Tumaini Jema, David Gill alitamani kuibakiza nyota ile kwenye picha. Darubini alikuwa nazo, lakini kamera ya kufaa hakuwa nayo. Akamwomba msaada mpiga picha wa Mowbray, karibu na Cape Town, aitwaye Allis, ambaye kazi yake ilikuwa kupiga picha za watu. Wakaifunga kamera ya Allis juu ya darubini. Gill akakaa jichoni mwa darubini akikifuata kichwa cha nyotamkia, huku lenzi ikiwa wazi muda mrefu, safari nyingine zaidi ya saa nzima. Vioo vya picha viliposafishwa, mkia ulitokea vizuri, na nyuma yake zikatokea nyota nyingi mno. Hapo Gill akatambua kwamba anga lote linaweza kuandikwa kwa kamera. Yeye na Mholanzi Jacobus Kapteyn wakatoa orodha ya nyota 454,875 za kusini, zilizopimwa kwenye picha zilizopigwa Rasini.

Sisemi kwamba Gill alikuwa wa kwanza. Mwingereza William Usherwood alikuwa amekwisha kuipiga picha nyotamkia ya Donati mwaka 1858. Tena miezi michache kabla ya kazi ya Gill, tarehe 17 Mei 1882, jua lilipatwa lote huko Sohag, Misri ya Juu, na kwenye picha za Arthur Schuster ikatokea nyotamkia iliyojificha kando ya jua. Ikaitwa Tewfik, kwa heshima ya mtawala wa Misri, na haikuonekana tena. Kwa hiyo mwaka mmoja tu, kaskazini na kusini mwa Afrika, ulizipa picha za nyotamkia nafasi yake katika elimu ya nyota. Jambo hili lastahili kufundishwa katika shule zetu.

Nyotamkia ya Halley ilirudi 1910. Mwanzoni mwa Mei ilionekana alfajiri, na baada ya dunia kupita karibu na mkia wake tarehe 18 na 19, ikahamia magharibi jioni. Huo ndio mwaka ambao reli ya Kindu hadi Kongolo, kilomita 355, ilikamilika, na ikafunguliwa siku ya mwisho ya Desemba. Nyotamkia hiyo ilirudi tena 1986, safari hii ikiwa hafifu, na watu wa kusini mwa dunia ndio walioiona vizuri zaidi.

Kindu iko karibu digrii 3 kusini mwa ikweta, na hiyo ni bahati kubwa. Nyotamkia ikielekea kaskazini au kusini, mara nyingi Kindu ina nafasi ya kuitazama. Giza huingia upesi baada ya jua kutua, na mitaa ambayo umeme haufiki ina anga jeusi ambalo watu wa miji mikubwa hulifuata mbali.

Ugumu upo kwenye kuifuata nyota inaposogea. Dunia huzunguka digrii 15 kila saa, kwa hiyo kamera isiyosogea huzigeuza nyota kuwa mistari. Mhimili wa anga, kwa Kindu, umelala karibu sawa na ardhi: ncha ya kaskazini imezama chini ya upeo, na ya kusini imejificha nyuma ya miti. Stendi nyingi za darubini zinazouzwa hazikuundwa kuinama kiasi hicho. Mwenye darubini ndogo uani atapiga picha nyingi za sekunde chache, kisha azipange moja juu ya nyingine kwa programu ya kompyuta, akilinganisha kichwa cha nyotamkia, kwa sababu chenyewe husogea kati ya nyota.

Mwenye kamera tu aende kwa seremala. Mbao mbili ziunganishwe kwa bawaba upande wa magharibi, bawaba ikielekea kusini halisi, na mwisho wake wa kusini uinuliwe kama sentimita moja na nusu kwa kila sentimita 30 za urefu. Upande wa mashariki, milimita 286 kutoka katikati ya bawaba, ipite boliti ya kawaida ya milimita 8, ambayo nyuzi zake hupanda milimita 1.25 kwa kila mzunguko. Ukiizungusha mara moja kwa dakika, taratibu, ubao wa juu unainuka na kamera inafuata anga. Kazi ni ileile ya Gill: kuwa na subira na kutoondoa macho.

Nyotamkia ya Tsuchinshan–ATLAS, iliyopita karibu na jua tarehe 27 Septemba 2024, iligunduliwa China na pia kwa darubini iliyoko Sutherland, Afrika Kusini. Iling'aa alfajiri, kisha jioni za Oktoba. Mkazi wa Maniema aliyeipiga picha, hata kwa simu, asiifute. Aandike tarehe, saa, mahali aliposimama na upande alioelekea, kwa kuwa picha isiyo na hayo haina msaada kwa mchunguzi. Naomba walimu wa fizikia wa Kindu, na Chuo Kikuu cha Kindu, wafungue daftari la kuzikusanya picha hizo, kabla nyotamkia nyingine haijafika.