Bangi ya tiba na matibabu ya maumivu, Eldoret

Bangi ya tiba haimo katika matibabu ya kawaida ya maumivu mjini Eldoret, Kenya. Katika mji huu wenye Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi, iliyoanza mwaka 1917 kama hospitali ndogo, na Shule ya Tiba ya Chuo Kikuu cha Moi, maumivu makali ya saratani hutulizwa hasa kwa mofini ya kunywa. Ndiyo ngazi ya juu katika utaratibu wa kutuliza maumivu ya saratani uliotolewa na Shirika la Afya Duniani mwaka 1986.

Sheria ya mihadarati ya 1994 huhesabu kumiliki bangi kuwa kosa, ingawa inamwachia daktari nafasi ya kuandika dawa za kulevya kwa ajili ya tiba. Kwa bangi, nafasi hiyo ni ya karatasini tu: hakuna bidhaa yenye kipimo kinachojulikana anayoweza kuiagiza. Daktari wa magonjwa ya akili, naye, huijua bangi kwa wagonjwa wa saikosisi anaowapokea.

Kenneth Okoth, mbunge wa Kibra aliyeugua saratani, alipigania kuhalalishwa kwa bangi hadi alipofariki Julai 2019. Desemba 2020, Umoja wa Mataifa ulipoilegezea bangi masharti kwa kura 27 dhidi ya 25, Kenya ilipinga. Tahadhari ya madaktari si ushamba: mwaka 2021 chama cha kimataifa cha wataalamu wa maumivu kilikataa kuiunga mkono, kikitaja uhaba wa ushahidi.