Paa wa Haamdani na Mapenzi ya Maajabu

Mwaka 1870 Edward Steere, mmishonari Mwingereza aliyeishi Unguja, alichapisha London mkusanyo wa ngano alizosimuliwa na wenyeji wa kisiwa hicho. Mojawapo ni hekaya ya Sultani Darai. Humo yumo Haamdani, fukara achakuraye jaani kutafuta punje za mtama, ambaye siku moja anaokota thumuni na kumnunua paa. Kumbe paa yule husema. Anaipata almasi, anaipeleka kwa sultani wa nchi ya mbali kuwa zawadi ya bwana wake, anamposea binti wa sultani, kisha analiua joka la vichwa saba ili maarusi wapate jumba la kukaa. Lakini hekaya haiishii harusini. Paa anaugua, na Haamdani anaagiza apewe uji wa mtama duni, kwani mnyama mwenyewe alimnunua kwa thumuni tu. Paa anakufa kwa majonzi, na mzoga wake unatupwa kisimani.

Riwaya za vijana zichanganyazo mahaba na maajabu aghalabu hudhaniwa kuwa bidhaa mpya iliyotoka ng'ambo, hasa baada ya Stephenie Meyer wa Marekani kutoa Twilight mwaka 2005. Mwanafasihi wa pwani hawezi kulikubali hilo bila kutabasamu. Fukara anayemwoa binti wa mfalme, kijana anayetiwa majaribuni kwa ajili ya mchumba, mrembo ambaye kumwona mara moja ni kupagawa, mpenzi asiye binadamu: vyote hivyo vilikwisha kuchakaa kwa kutumiwa zamani sana, na bado vikapendwa.

Mpenzi asiye binadamu anastahili kutazamwa kwa makini. Katika kitabu cha Meyer, Edward amezaliwa mwaka 1901 na bado ana sura ya kijana wa miaka 17. Huingia usiku chumbani kwa Bella na kumtazama akiwa amelala, naye msomaji hutakiwa aone kuwa hayo ni mapenzi makuu. Pwani ya Waswahili inamjua mgeni wa namna hiyo. Anaitwa jini mahaba. Humjia mwanamke usiku, humwonea wivu, huwafukuza wachumba, na jamaa wakishatambua hutafuta kisomo au mganga. Tukio ni lile lile. Huku limeitwa pendo, kule limeitwa maradhi. Hapana shaka kwamba jamii iliyoliita maradhi ilikuwa imemfikiria msichana zaidi.

Mtindo wa pili uliochakaa ni mahari isiyolipika. Utenzi wa Mikidadi na Mayasa, uliotoka katika simulizi za Kiarabu ukapata maisha mapya kwa Kiswahili, umejengwa juu yake: Mikidadi anatakiwa alete mali nyingi mno, naye anaondoka kwenda kuitafuta kwa upanga. Katika masikio ya mji wa pwani, ngamia wale ni pambo la hadithi. Katika mkoa wa Mara si pambo hata kidogo. Nyansurura na vijiji vingine vya wilaya za Tarime na Serengeti ni nchi ya wafugaji na wakulima ambako mahari imehesabiwa kwa ng'ombe tangu enzi za mababu. Kwa desturi ya Wakuria, ng'ombe walioingia zizini kwa kuolewa dada ndio waliotoka kumposea kaka yake mke. Na asiye na dada? Wako vijana waliokwenda kuwatwaa ng'ombe kwa wenyewe, na wizi wa mifugo ukaandikwa katika historia ya mkoa huo kwa damu. Msomaji wa huko akutanapo na shujaa anayevamia ili apate mahari, anasoma habari anayoijua, isipokuwa mtunzi amewaondoa walioporwa, na yule dada aliyelipia.

Mayasa mwenyewe ana umri gani? Hadithi za aina hii hupenda wasichana wabichi. Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971 iliruhusu msichana aolewe akiwa na miaka 15, hata 14 kwa idhini ya mahakama; Mahakama Kuu ikatamka mwaka 2016 kuwa vifungu hivyo vinapingana na Katiba, na Mahakama ya Rufani ikakubaliana nayo mwaka 2019. Si haba kwa mtunzi wa mahaba ya vijana kulikumbuka hilo anapomchorea malkia wake umri.

Isidhaniwe, hata hivyo, kwamba maajabu ni upuuzi wa kuachiwa watoto. Shaaban Robert, katika Adili na Nduguze kilichotoka mwaka 1952, aliichukua kisa cha Alfu Lela Ulela akakitia roho yake. Humo mna mji uliogeuka mawe na msichana mmoja, Mwelekevu, aliyesalia hai. Mna ndugu wawili wanaomtupa Adili baharini kwa husuda. Na mna jini Huria anayewageuza ndugu hao manyani na kumwamuru Adili awapige kila usiku. Adili huwapiga kwa huzuni. Hapo uchawi haumwondolei mtu mzigo, unamwongezea: aliyedhulumiwa anapewa kiboko asichokitaka. Watunzi wengi waliofuata waliyachukua majini, wakayaacha machozi ya Adili.

Wasimulizi wa Steere walilijua jambo hilo bila kufundishwa. Baada ya paa kutupwa, mke wa Haamdani alimpelekea baba yake habari, na sultani akaja kumzika kwa heshima yule aliyemjua kuwa mjumbe mwema. Kisha, usiku mmoja, Haamdani aliota kwamba yuko jaani anachakura. Alipoamka, akajikuta jaani kweli. Mkewe naye aliota yuko nyumbani kwa baba yake. Alipofumbua macho, ndiko alikokuwa.